Koleo Refu la Kuokotea Taka: Tathmini Baada ya Miezi Minane ya Matumizi

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia koleo refu la kuokotea taka, lile lenye fimbo ya alumini inayokaribia mita moja, kishikio kinachobanwa kama breki ya baiskeli, na vidole viwili vya plastiki vilivyovikwa mpira kwenye ncha. Nililinunua kwa ajili ya kipande cha njia ninachopita kwa miguu kila siku, hatua zisizozidi 300, ambacho nilikuwa nimekilalamikia kwa miaka mingi bila kuinama hata mara moja.

Sifa yake ya kwanza ni kuuokoa mgongo. Anayeokota taka kwa mkono huinama na kuinuka bila kupumzika, na naamini hiyo ndiyo sababu wengi wetu huanza kwa ari na kuacha siku ya pili. Ukiwa na koleo unatembea wima, unabana, unatia kwenye mfuko wa taka, unasonga mbele. Mkono nao unakaa mbali na vigae vya chupa, nyembe na sindano, ingawa bado nashauri kuvaa glavu, kwa sababu mfuko unapojaa lazima uufunge kwa mikono. Chupa za plastiki, makopo na mifuko iliyonasa kwenye miiba hushikwa bila taabu yoyote.

Ugumu huanza kwenye vitu vidogo. Kizibo kilicholala chali hakishikiki mpaka ukisimamishe kwa ukingo, na kipisi cha sigara huponyoka mara tatu au nne kwa sababu ncha za mpira hazikutani sawasawa. Kasoro hii si ndogo hata kidogo. Asubuhi moja nilihesabu nilichookota katika hatua zile 300, nikapata chupa 4 na vipisi 61. Kichungi cha sigara hufanana na pamba, lakini kwa kawaida hutengenezwa kwa selulosi asetati, ambayo ni aina ya plastiki isiyooza upesi kama karatasi, na mvua ikinyesha husombwa hadi mtaroni na kutoka hapo hadi mtoni. Kwa hiyo chombo hiki ni hodari kwa taka zinazoonekana kwa mbali, na dhaifu kwa zile zilizo nyingi zaidi. Mtengenezaji angezichonga ncha ziwe nyembamba na zikutane barabara, thamani ya koleo ingeongezeka maradufu.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, ni waya. Ndani ya fimbo umepita waya unaounganisha kishikio na vidole, na ilipofika mwezi wa tano ulikuwa umelegea, springi imeshika kutu, na vidole vikibaki wazi hata nilipobana kwa nguvu zote. Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwamba dhamana haihusu uharibifu unaotokana na maji. Jibu hilo sikulikubali, kwa maana chombo cha kazi za nje kitanyeshewa tu. La pili nililonunua lina skrubu ya kukazia waya na ncha zinazobadilishwa, na mpaka leo halijanisumbua. Anayekusudia kununua atazame mambo hayo mawili kabla ya rangi na urembo. Pete ya kuuacha mfuko wazi, inayouzwa kando, ni ya lazima penye upepo. Koleo la kukunja nalo nimelijaribu katika mazoezi ya kukimbia huku nikiokota taka, desturi aliyoianzisha Erik Ahlström huko Stockholm, Uswidi, mwaka 2016, na nimeona kwamba kiungo chake huchezacheza na kumchosha mkimbiaji. Kwa mwendo huo mkono wenye glavu unafaa zaidi.

Wapo wanaosema kwamba mwenye koleo huwazoesha watupaji uvivu, kwamba wakijua yupo wa kuwaokotea watazidi kutupa. Nililipima neno hilo kwa uzito, kwa kuwa lingekuwa kweli ningeshauri watu wasikinunue chombo hiki. Utafiti wa mwanasaikolojia wa Marekani Robert Cialdini na wenzake, uliochapishwa mwaka 1990, unaonyesha kinyume chake. Watu walikuta kikaratasi kimebanwa kwenye kioo cha mbele cha gari lao. Mahali palipokuwa pasafi, takriban asilimia 14 walikitupa chini, na palipokwisha kuchafuliwa walikitupa takriban asilimia 32. Taka huita taka. Kwenye njia yangu wiki tatu za mwanzo hazikuleta tofauti yoyote, lakini baadaye mfuko uliokuwa ukijaa kila asubuhi ulianza kuchukua siku mbili, kisha tatu.

Mama mmoja aliyezoea kuniona alinisimamisha akaniuliza, "Mwanangu, hii kazi unalipwa na nani?" Nikamjibu, "Hakuna anayenilipa, mama. Ni njia yangu, napita hapa kila siku." Akatazama chini, akaokota karatasi iliyokuwa karibu na kiatu chake, akaitia kwenye mfuko wangu wa taka kwa mkono wake. Karatasi ile hakuitupa yeye. Ndipo nilipotambua kwamba koleo linaonekana kwa mbali, na kwamba kuonekana huko ni sehemu ya kazi yake, kwani anayeokota kimyakimya kwa mkono huenda asimkumbushe mtu yeyote.

Kuhusu mapipa na magari ya kuzoa taka nitasema machache tu: mfuko uliojaa unahitaji mahali pa kwenda, na penye pipa lililofurika koleo halina msaada. Wajibu wa mamlaka uko palepale. Lakini kile kipisi kidogo kiliachiwa na vidole vya mtu mmoja, na kabla hakijafika chini hapakuwa na mamlaka yoyote kati yake na ardhi.

Nalipatia koleo hili, lile lenye skrubu ya kukazia waya, nyota 4 kati ya 5. Moja nimeiondoa kwa sababu ya vile vipisi. Likaushwe kila baada ya mvua na litundikwe karibu na mlango, si stoo. Langu lilipokuwa stoo nilikuwa nikilisahau, na tangu nilipolipigilia msumari kando ya viatu natoka nalo karibu kila asubuhi.