Mavuno ya bustani yamezidi? Nunua vifaa hivi vya kuhifadhia, kwa mpangilio huu (kwa sisi wa Dodoma)

Mwezi wa tano mwaka juzi nyanya ziliiva zote kwa pamoja kwenye bustani yangu huku Mkonze, robo eka tu, ndoo kumi na moja ndani ya wiki moja, nikazipakia kwenye bajaji mpaka soko la Majengo nikakuta kila mtu kaleta nyanya siku hiyo, bei ya kutupa kabisa, nusu nikarudi nazo nyumbani zikaozea kwenye tenga nikiziangalia. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nimenunua, nimechongesha na nimeazima karibu kila kitu cha kuhifadhia mboga, na ninavyopanga hapa chini naanza na kile ambacho naona kila mwenye bustani kubwa Dodoma akinunue kwanza. Naangalia jambo moja: sisi tuna jua na tuna upepo mkavu, basi hela ya kwanza iende kwenye kitu kinachotumia hivyo viwili.

Namba 1: Kaushio la sola la boksi

Wengine wanaita draya. Ni boksi la mbao au chuma, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu limefunikwa nailoni au kioo, lina trei za neti na matundu ya hewa. Hewa inaingia chini, inapata moto, inapita kwenye mboga inabeba unyevu na kutokea juu. Kinachotakiwa ndani ni nyuzi 50 mpaka 60 hivi, ikizidi sana mboga inaiva badala ya kukauka.

Kabla hujamlipa fundi angalia vitu hivi kwa macho yako. Nailoni: dai ile ya grinihausi iliyotengenezwa kuvumilia jua. La kwangu la kwanza fundi aliweka nailoni ya kawaida, inang'aa vizuri kweli, ilipofika mwezi wa nane na upepo wetu huu ikawa inakatika vipande kama karatasi ya biskuti, ikabidi ninunue upya na kumlipa fundi mwingine. Neti ya trei: usikubali waya wa mabati, nyanya ina asidi inakula yale mabati na yanaingia kwenye chakula, weka neti ya plastiki ya kufaa chakula au ya chuma kisichoshika kutu. Matundu: yawe chini mbele na juu nyuma, na yawe na neti ndogo ya kuzuia nzi. Nimeona maboksi mazuri kwa macho ambayo tundu la juu ni dogo kama la kidole, hilo linachemsha mboga tu, mvuke unageuka matone kwenye nailoni na kudondokea tena kwenye trei.

Mwinamo usiwe mkubwa, Dodoma tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua linakuwa karibu juu ya kichwa, inatosha uwe wa kushusha maji ya mvua. Mwezi wa sita na wa saba jua linaegemea kaskazini kwa hiyo uso wa boksi uangalie huko.

Saizi ndio watu wanakosea. Mita moja ya mraba ya trei inabeba kama kilo 4 za nyanya zilizokatwa, na jua zuri zinachukua siku mbili hivi, sasa kama unavuna kilo 40 kwa wiki, piga hesabu mwenyewe, usinunue kale kaboksi ka kuonyesha wageni. Nyanya karibu yote ni maji, kilo 10 zinakuachia kama nusu kilo au zaidi kidogo, kwa hiyo ukiona umepata kidogo usidhani umeibiwa.

Kwa majani, yaani chainizi, matembele, majani ya kunde, tupia kitambaa cheusi juu ya nailoni au nunua lile la aina ambayo jua haligusi mboga moja kwa moja, maana jua kali linaua vitamini A na rangi ya kijani inapotea. Na uyachovye kwanza kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu.

Namba 2: Kichanja cha neti kivulini

Hiki ndio cha bei ndogo na nakipenda kwa moyo wote. Mama mkwe wangu wa Kongwa hajawahi kuwa na boksi lolote, mlenda wake anaukausha, anautwanga, anauweka, na mwezi wa kumi wakati huku hakuna jani hata moja la kijani yeye anapika mlenda wa karanga na ugali wa uwele kama kawaida. Wagogo wamekula hivi miaka na miaka kabla ya friji kufika. Zamani mboga zilikuwa zinaanikwa juu ya paa la tembe, ile nyumba ya asili yenye paa bapa la udongo, leo wengi tuna mabati, kwa hiyo chonga kichanja cha mbao kirefu kiunoni, tandika neti chini, neti nyingine juu, weka chini ya mwembe au upande wa nyumba ambako upepo unapita. Kuku hawafiki, mbuzi anafukuzwa, vumbi linapungua.

Kasoro yake ni masika. Januari mpaka Machi ndio mchicha na mlenda unajaa na ndio mawingu yanakuja, kichanja peke yake kinachelewa na majani yanavunda, hapo boksi la namba 1 linakishinda kwa mbali. Na nyanya usianike hapa, zinashika ukungu kabla hazijakauka. Turubai la chini ardhini silipangi kabisa, kwa vumbi letu utakula mchanga.

Namba 3: Friza

Najua wengi mngeiweka ya kwanza. Ladha yake haina mpinzani, hoho na karoti za friza ukizipika mgeni hajui, na nyanya unasaga unaweka tu. Ila friza ya wastani inakula kama uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi, na kama uko kwenye ile tarifu ya umeme ya bei nafuu, ya uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu yako, ukipita unahamishwa bei ya juu. Fikiria hilo kabla ya kuangalia bei ya dukani.

Ukinunua, chukua ile ya kulala yenye mlango juu, baridi haimwagiki ukifungua. Nunua na friji gadi, kile kifaa cha kuilinda umeme ukipanda na kushuka, siku hiyo hiyo, usiseme nitanunua mwisho wa mwezi. Iweke nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usifungue fungue, iliyojaa inashikilia barafu kama siku mbili, iliyo nusu ni siku moja, kwa hiyo kubwa tupu ni hasara mara mbili.

Namba 4: Friji la mkaa

Kabati la fremu ya mbao lenye kuta mbili za waya wa kuku, katikati umejaza mkaa, mkaa unaulowanisha maji na upepo unapopita ndani kunapoa. Huku kwetu linafanya kazi vizuri kuliko Dar kwa sababu hewa yetu ni kavu, Dar hewa imeshajaa maji tayari. Mchicha unakaa siku kadhaa badala ya kunyauka saa nane mchana. Halihifadhi mpaka mwakani, linakupa muda wa kukausha taratibu au kusubiri bei ipande sokoni. Linataka maji kila siku, kama mtaa wenu maji ni ya mgao usihangaike nalo.

Namba 5: Chupa za glasi

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Nyanya na achari kwenye chupa sawa. Maharage mabichi, bamia, karoti, mchicha kwenye maji ya chumvi ndani ya chupa, HAPANA. Kuna bakteria wa sumu ya botulizimu anaishi pasipo na hewa, mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, na Dodoma kwa mwinuko wetu wa mita 1,100 na kitu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 tu, hata 100 hayafiki. Sumu yake haionekani wala hainuki na inaua. Presha kuka ya kupikia maharage sio mashine ya kazi hiyo, usidanganyike na muuzaji.

Nyanya ziponde uzichemshe kwanza, weka maji ya limao ya dukani, kijiko kimoja kikubwa kwa kila nusu lita, kisha chupa za nusu lita zichemke zimezama dakika 45 kwa mwinuko huu. Achari tumia siki iliyoandikwa asilimia 5. Mifuniko nunua mipya, yenye kutu au iliyopinda tupa.

Mashine ya kukausha ya umeme naiweka mwisho, nzuri, safi, ila kulipia moto kwenye mji wenye jua hili sioni sababu, labda unauza unga wa mboga na huwezi kusubiri mawingu yapite.

Kitu cha mwisho ambacho watu hawanunui: ndoo zenye mfuniko unaobana, au ile mifuko ya kuhifadhia mahindi yenye nailoni mbili ndani. Jani likauke mpaka livunjike kama chipsi mkononi, nyanya ipinde kama ngozi na ukiibana isitoe maji. Halafu kabla hujafunga mzigo wote chukua kiasi, weka kwenye chupa ya kioo wiki moja, tikisa kila siku. Ukiona jasho ndani ya kioo rudisha zote kwenye trei siku hiyo hiyo.