TAHADHARI LUBUMBASHI: Papa anayeuza permi za depanezi ni mwizi!

Ndugu zangu, kuna papa (mzee) anazunguka komini za Kenya na Kamalondo hapa mjini, anauza permi, yaani leseni, za kuendesha depanezi, lile gari la kukokota magari yaliyoharibika. Msimpe hata franka moja! Ametula dola 180.

Mdogo wangu alihangaika kutafuta kazi tangu garaji alimofanya kazi ifungwe. Patroni mpya akamwambia: leta permi yenye C na E, unapanda gari. Huyu papa akaja mpaka nyumbani, suti imepigwa pasi, akamsalimia mama kwa mikono miwili, akakunywa chai yetu. Akafungua bahasha, akapanga permi za watu wengine mezani moja moja, zinang'aa. Na mambo ya kazi aliyajua! Akatueleza kwamba B inaishia kilo 3,500, gari la mizigo linalopita hapo linataka C, na kuvuta trela nzito nyuma kunataka E juu yake. Hayo ni kweli kabisa, hata shofa yeyote wa zamani atakwambia. Nani angemshuku mtu wa namna hiyo? Nikamhesabia makuta mkononi, mama akiangalia. Hata leo nashindwa kumtazama mama machoni.

Siku ile kwenye barabara ya Kasumbalesa, depanezi imeinua kamio (lori) ya watu, polisi wa rulaji, wa barabarani, akawasimamisha. Akalamba kidole gumba, akasugua ile permi. Wino ukatoka! Herufi E ikabaki doa la buluu kwenye kidole chake. Mdogo wangu akalala kasho, mahabusu ya polisi, kazi ikaisha palepale.

Muangalie hivi: hakukuwa na mtihani, hakuna aliyempiga alama za vidole, na papa alitaka makuta yote mbele. Permi ya kweli inatoka CONADEP, ofisi ya serikali inayotoa permi, na unaenda wewe mwenyewe.

Huyu mtu afungwe Kasapa, gereza letu la Lubumbashi, na asitolewe kwa kuhonga! Anawapa vijana wasiopimwa karatasi ya kukokota kamio nzito, mnyororo ukikatika kwenye mteremko, watoto wa shule wako kando ya barabara. Huyo ni muuaji. Arudishe makuta ya kila mtu, tena mbele ya mama zao.

Wenye aliwaibia, niandikieni pembeni, wekeni meseji zake zote, msifute. Twende pamoja parke, ofisi ya mwendesha mashtaka.