GRUB 2 na kerneli ya akiba: mapitio kwa wanaosimamia seva za mbali

Wengi wetu huku Afrika Mashariki tunahudumia seva ambazo hatujawahi kuziona kwa macho. Mashine iko Frankfurt, London au Johannesburg, sisi tuko na SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali), na kila sasisho la kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, linapotaka mashine izimwe na kuwashwa upya, tunaikabidhi kwa programu ndogo inayotangulia mfumo endeshi wote: GRUB. Mapitio haya yanaihusu GRUB 2 kwa kazi moja tu, yaani kuiwasha seva kwa kerneli ya akiba pale kerneli mpya inapogoma. Ni programu huria ya mradi wa GNU, toleo lake la 2.00 lilitoka mwaka 2012, na ndiyo inayokuja na Debian, Ubuntu, Red Hat Enterprise Linux pamoja na jamaa zake AlmaLinux na Rocky Linux. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kazi hii GRUB inaaminika, lakini kwa mwenye kuitayarisha tu. Ukiiacha kama ilivyotoka kwenye usakinishaji, itaipakia kerneli mbovu mara ya kwanza, ya pili na ya kumi bila kubadili uamuzi, ingawa kerneli nzima ya jana imelala kwenye diski ileile.

Msingi wa mpango huu ni mzuri, na sifa zake ni za kugawana kati ya GRUB na wasimamizi wa vifurushi, yaani programu kama apt na dnf. Kerneli ya Linux haifutwi na ile inayoifuata. Faili ya `vmlinuz` yenye namba ya toleo lake inakaa katika `/boot`, jirani na faili ya initramfs (mfumo mdogo wa muda unaoisaidia kerneli kuifungua diski) ya toleo hilohilo, na moduli zake zinakaa peke yao chini ya `/lib/modules`. Sasisho linaweka seti mpya pembeni ya seti ya zamani. Kwenye Debian na Ubuntu, `apt autoremove` haiigusi kerneli inayotumika wakati huo. Kwenye AlmaLinux na wenzake, faili ya `/etc/dnf/dnf.conf` ina mpangilio wa `installonly_limit=3`, maana yake kerneli tatu zinabaki na ile inayotumika hailengwi. Kwa hiyo akiba ipo karibu kila mara. Swali ni namna ya kuifikia.

Njia ya kwanza ni menyu, na hapa GRUB inahitaji kurekebishwa kabla ya kusifiwa. Katika seva nyingi menyu imefichwa: kwenye mashine za BIOS (programu ya zamani ya kuamsha mashine) unaitafuta kwa kubonyeza Shift, kwenye za UEFI (mrithi wa BIOS) kwa Esc, na nafasi ya kuinasa ni fupi mno kwa mtu anayetazama konsoli ya VNC, yaani skrini ya seva inayoonyeshwa kwa mbali, yenye kuchelewa. Ninashauri `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=10` kwa kila seva, bila kuona haya kwa sekunde hizo kumi, kwani mashine kubwa hutumia muda mrefu kuliko huo kukagua kumbukumbu yake. Kama mtoa huduma anakupa IPMI (njia ya kuidhibiti mashine kwa mbali hata mfumo endeshi usipowaka), ongeza `GRUB_TERMINAL="serial console"` na mpangilio wa mlango wa siriali wa kasi ya 115200, kisha uiambie na kerneli yenyewe `console=tty0 console=ttyS0,115200n8`. Ukikosa la kwanza hutaiona menyu, na ukikosa la pili utaiona menyu lakini hutaona kerneli inalalamikia nini. Mabadiliko yote haya huandikwa katika `/etc/default/grub`, na hayana kazi mpaka uendeshe `update-grub` kwenye Debian na Ubuntu, au `grub2-mkconfig` kwenye familia ya Red Hat.

Njia ya pili ni kubadili chaguo la msingi. Miongozo mingi inafundisha kuandika `GRUB_DEFAULT="1>2"`, yaani kipengele cha pili cha menyu kuu na cha tatu katika menyu ndogo, kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri. Siupendi ushauri huo hata kidogo. Kerneli mpya ikiingia, orodha inasogea, na namba ileile inaelekeza kwenye kerneli nyingine pasipo onyo lolote. Kila kipengele ndani ya `grub.cfg` kina kitambulisho kirefu kinachoanza na `gnulinux`, chenye namba ya toleo na utambulisho wa diski. Hicho hakisogei. Weka `GRUB_DEFAULT=saved`, kisha tumia `grub-set-default` na kitambulisho hicho. Kwenye AlmaLinux na Rocky kazi hiyo inafanywa vizuri zaidi na `grubby --set-default`, ambayo hupokea njia ya faili ya kerneli moja kwa moja na kuondoa masuala yote ya hesabu.

Njia ya tatu ndiyo inayonifanya niitetee GRUB: kuijaribu kerneli mpya mara moja tu. Unaifanya kerneli ya zamani, ile unayojua inawaka, kuwa chaguo la msingi kwa `grub-set-default`. Kisha unaitaja kerneli mpya kwa `grub-reboot`. Amri hii ya pili inaandika jina la `next_entry` katika faili ndogo iitwayo `grubenv`, yenye ukubwa wa baiti 1024 tu. Mashine inapowaka, GRUB inasoma jina hilo, inalifuta kwanza, ndipo inaipakia kerneli iliyotajwa. Mpangilio huo wa kufuta kabla ya kupakia ndio uzuri wote. Umeme ukikatika katikati, au ukilazimika kuizima mashine kwa nguvu kupitia paneli ya mtoa huduma, uwashaji unaofuata unarudi kwenye kerneli ya zamani, kwa sababu hakuna tena kinachoikumbusha GRUB juu ya ile mpya.

Kipande kinachokamilisha mbinu hii kiko kwenye kerneli, si kwenye GRUB. Kwa kawaida kerneli ya Linux ikipatwa na hitilafu isiyotibika, inaandika ujumbe wake kwenye skrini na kusimama hapohapo bila kikomo. Anayewahi kuuona mstari wa `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` anajua kwamba skrini hiyo haiondoki yenyewe. Mara nyingi chanzo chake ni initramfs iliyokosekana au iliyoandikwa nusu baada ya patisheni ya `/boot` kujaa. Ukiongeza `panic=10` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX`, kerneli itasubiri sekunde kumi kisha itaiwasha mashine upya, na kwa kuwa `next_entry` imekwisha kufutwa, seva itarudi kwenye kerneli ya zamani bila mkono wa mtu. Kwa maoni yangu seva ya mbali isiyo na mpangilio huo haijamaliza kusakinishwa.

Sasa lije lawama zito. GRUB inaweza kuifuta `next_entry` pale tu inapoweza kuandika kwenye diski, na uwezo wake wa kuandika ni mdogo kuliko uwezo wake wa kusoma. Ikiwa `/boot` iko ndani ya LVM (mgawanyo wa diski unaosimamiwa na programu) au juu ya RAID ya programu (diski kadhaa zinazotumika kama moja), GRUB itaisoma vizuri, itaipata kerneli, itaipakia, lakini haiwezi kuibadili `grubenv`. Kwenye skrini utaona `diskfilter writes are not supported`. Matokeo yake ni kinyume kabisa na ulichokikusudia: kerneli ya kujaribiwa mara moja inageuka kuwa ya kudumu, na kama ni mbovu, `panic=10` itaizungusha mashine bila mwisho. Seva nyingi za kukodi zenye diski mbili huja na RAID ya programu hata kwenye `/boot`, kwa hiyo hili si jambo la pembeni. Nalihesabu kuwa dosari kubwa kuliko zote za GRUB katika kazi hii, hasa kwa sababu amri ya `grub-reboot` yenyewe inamaliza kazi yake kana kwamba mambo yako sawa.

Kinga ni kupima mapema. Itaje kerneli ileile inayotumika kwa `grub-reboot`, washa upya, kisha endesha `grub-editenv list`, ambayo kwenye familia ya Red Hat inaitwa `grub2-editenv list`. Kama `next_entry` haina thamani mbele yake, mbinu inafanya kazi. Kama bado imeshika jina, usiitumie kwenye seva hiyo mpaka `/boot` ihamishiwe kwenye patisheni ya kawaida ya ext4.

Kuna aina ya pili ya kushindwa ambayo `panic=10` haiijui. Kerneli inawaka, huduma zinaanza, lakini kadi ya mtandao haionekani kwa sababu draiva yake ilikuwa ya DKMS, mfumo wa kujenga draiva upya kwa kila kerneli, na haikujengwa kwa toleo jipya. Kwa kerneli hakuna tatizo lolote. Kwako wewe seva imekufa. Hapa napendekeza skripti fupi inayoanza pamoja na mfumo: inalinganisha jibu la `uname -r` na toleo linalojaribiwa, na yakilingana inaendesha `shutdown -r +15`. Ukiweza kuingia ndani ya robo saa hiyo, unaandika `shutdown -c` na kuiondoa skripti. Usipoweza, mashine inajirudisha yenyewe. Kile kipimo cha `uname -r` si cha hiari, kwani bila hicho hata kerneli ya zamani itazimwa kila baada ya dakika 15.

Kwa kulinganisha, FreeBSD, mfumo endeshi mwingine ulio huria, ina njia nyepesi zaidi ya kufika palepale. Unaposakinisha kerneli uliyoijenga, ile ya zamani inahamishiwa `/boot/kernel.old`, na kwenye mwaliko wa kipakiaji unaandika `boot kernel.old`, na kwa jaribio la mara moja kuna `nextboot -k`. Kwa upande wa Linux, systemd-boot, kipakiaji kingine, inaweza kuhesabu majaribio katika jina la faili lenyewe, kwa mfano alama ya `+3` mwishoni mwa jina, na majaribio yakiisha bila mafanikio inashuka kwenye kipengele kingine. Hilo ni wazo bora kuliko la GRUB. Lakini systemd-boot inafanya kazi kwenye UEFI pekee, na kwa seva za zamani za BIOS GRUB inabaki kuwa chaguo la maana.

Akiba nayo inaweza kuharibiwa na mwenyewe. `update-initramfs -u` hugusa toleo jipya zaidi tu, ila ukiongeza `-k all`, au ukiendesha `dracut --regenerate-all`, kosa moja la mipangilio linaingia kwenye initramfs zote kwa pamoja, na kerneli ya zamani inakosa kuwaka kwa sababu ileile ya ile mpya. Vivyo hivyo, anayetumia mfumo wa faili wa ZFS asikimbilie `zpool upgrade` siku ya sasisho, maana moduli ya zamani inaweza kushindwa kuufungua mkusanyiko wa diski uliowashiwa uwezo mpya.

Na kerneli ya akiba ni ya kukuvusha, si ya kuishi nayo. Mwezi Machi 2022 udhaifu wa Dirty Pipe, wenye namba CVE-2022-0847, ulitangazwa ukiwa umekaa ndani ya kerneli tangu toleo la 5.8, kwa hiyo aliyerudi kwenye toleo la kabla ya 5.10.102 au 5.15.25 alikuwa amemwachia mtumiaji yeyote wa kawaida wa seva yake njia ya kujipa mamlaka ya msimamizi mkuu. Ukisharudi salama, soma `journalctl -k -b -1` ili ujue kilichotokea. Ikiwa kerneli ilianguka kabla diski haijafunguliwa, hutakuta habari zake humo, na rekodi pekee itakuwa ile iliyopita kwenye mlango wa siriali, kama ulikuwa umeufungua na kuuhifadhi.