Mguu wa mbele wa Crown Victoria kwenye F-100 ya zamani, chukua tu

Jamani kama unapanga kujenga pikapu ya kizamani kwa spea za magari mabovu, hasa hizi Ford F-100, we anza na mguu wa mbele (yaani sasipensheni nzima ya mbele) wa Crown Victoria, ile saluni ya Ford, ya 2003 hadi 2011. Unatoka mzima kwa kufungua bolti, kiunzi cha aluminiamu, steringi ya reki (ule mtambo wa meno unaogeuza matairi), shokapu na springi zake, breki za diski, vyote viko pamoja, na ndo raha yake maana kuokoteza kimoja kimoja ni mateso. Ila kagua reki kabla hujalipa, minya ile mipira ya pembeni, ukisikia mafuta yanacheza ndani ujue sili zimekufa. Gari iliyogongwa tairi la mbele iache kabisa hata kama inang'aa.

Kasoro yake upana, matairi yanataka kutokeza nje ya madigadi, so tafuta rimu zenye ofseti kubwa, yaani zinazoingiza tairi ndani zaidi, za Crown Victoria yenyewe zinakaa poa sana. Na chesisi ipimwe vizuri kabla ya kuchomelea, hapo mpe fundi anayejua kweli. Inavyotulia kwenye kona na breki zinavyoshika, mi huu mguu naupa nyota nne na nusu.