Uzoefu wangu na Galaxy: kuchambua vinasaba vya malaria bila kuandika amri hata moja

Mimi ni mtu wa maabara. Pipeti na mashine ya PCR nazimudu vizuri, ila lile dirisha jeusi la kuandika amri lilikuwa linanitoa jasho. Kwa hiyo nilipoletewa matokeo ya sampuli zangu za Plasmodium falciparum (kimelea cha malaria), faili za FASTQ, yaani vipande vya vinasaba kama mashine ilivyovisoma, za gigabaiti kadhaa kila moja, nilikaa wiki nzima nikizitazama kama mtu aliyeletewa mzinga wa nyuki sebuleni.

Rafiki yangu akanielekeza Galaxy. Ni mfumo wa bure uliozaliwa mwaka 2005 huko Penn State, Marekani, na unafanya kazi ndani ya kivinjari. Mimi natumia seva ya Ulaya, iliyoko Freiburg, Ujerumani. Ukijisajili unapewa gigabaiti 250 za kuhifadhia.

Kushoto kuna zana, katikati fomu ya kujaza, kulia "historia" yenye visanduku: kijivu iko foleni, njano inachapa kazi, kijani imekwisha, nyekundu imegoma. Kazi yote inafanyika kwenye seva, kwa hiyo umeme ukikatika huku, kule mambo yanaendelea. Shughuli ni kupandisha faili. Bando langu lilikata roho mara mbili kabla sijamaliza sampuli ya kwanza. Kama data yako tayari imo kwenye hifadhi ya umma kama ENA (hazina ya Ulaya ya data za vinasaba), usihangaike kuipakua. Bandika anwani yake, seva itaivuta yenyewe.

Nilipitisha FastQC (zana ya kukagua ubora wa data), nikakata ncha mbovu za vipande, nikavilinganisha na jinomu, yaani seti nzima ya vinasaba vya kiumbe, kwa zana ya BWA-MEM. Asilimia 94 vikakaa mahali pake. Nilifurahi kweli! Nikamtumia msimamizi wangu kiungo cha historia (huwa ni ya siri mpaka mwenyewe uamue kuigawa). Jioni akapiga.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Hongera mwanangu, lakini umesoma vinasaba vya nani?"

Alikuwa amebofya alama ya maelezo kwenye kisanduku kimoja, akaona jinomu niliyoichagua: hg38. Ya binadamu. Kimelea kina herufi za vinasaba milioni 23 hivi, zimegawanyika kwenye kromosomu zake 14. Binadamu ana bilioni 3. Damu ya mgonjwa imejaa chembe zake mwenyewe, ndiyo maana ile asilimia ilipendeza.

Zamani ningempelekea grafu kwenye slaidi, na kosa langu lingekwenda nayo mpaka kwenye tasnifu. Historia ya Galaxy inabeba kila zana, toleo lake na kila kitufe nilichokibonyeza, na mtu aliye mbali anaikagua bila kuniuliza lolote.

Swali lake la pili halikuwa la utani: "Na hivyo vya mgonjwa vinafanya nini kwenye seva ya nje?" Wagonjwa waliridhia tuchunguze kimelea, basi. Usiku ule ule nikafuta. Hapa uwe makini: kufuta kwa kawaida kunakificha tu kisanduku, lazima uchague kukiondoa kabisa. Kesho yake kijana wa kompyuta pale maabara alinisaidia kuchuja vipande vya binadamu kwenye mashine yetu, ndipo nikapandisha upya. Mzigo ukawa mwepesi ajabu, na bando likapumua.

Hatua zenyewe sikuzirudia moja moja. Nilitoa mtiririko wa kazi kutoka kwenye historia ile ya aibu, nikabadilisha jinomu, nikauendesha kwa sampuli zote 24 kwa mpigo. Mwenzangu wa Kampala ameuchukua kama ulivyo kwa sampuli zake.

Nyota nne. Anayeanza aanzie kwenye masomo ya Galaxy Training Network, nayo ni ya bure. Profesa sasa anataka kujua kuhusu kelch13, jeni inayohusishwa na usugu wa vimelea kwa artemisinini, dawa ya malaria. Nimeanza tangu asubuhi. Kisanduku bado ni cha njano.