Roga Roga ya Radio Citizen: hapa sebene haikatwi

Kama Jumamosi mchana uko nyumbani na hujui uweke stesheni gani, weka Radio Citizen usikize Roga Roga, kipindi cha rumba na zilipendwa cha Fred Obachi Machoka. Redio nyingi siku hizi ziko na kipindi cha zilipendwa, lakini mtu anayejua anachopiga ni wa kutafuta.

Machoka si wa jana. Alianzia Voice of Kenya, enzi redio ni ya serikali na hakuna nyingine, kabla haijageuzwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Halafu kuna kizazi kizima kilichomjua kwa tivii kupitia Omo Pick a Box, ule mchezo wa kushinda zawadi. Kwa hivyo huyu hasomi historia ya rumba kwa simu dakika tano kabla ya kuingia hewani, hizi ngoma zilitoka akiwa kazini.

Sasa utamu wenyewe. Rumba ya Kongo haikutengenezewa dakika tatu za redio. Mario ya Franco na TPOK Jazz ya 1985 inakaribia robo saa, na nyimbo nyingi za hao wazee ziko na nusu mbili, kwanza mnaimbiwa kisa taratibu, halafu magitaa yanachukua usukani na hapo ndo sebene, hapo ndo watu wanasimama. Kwa zile santuri ndogo za zamani wimbo ulikuwa unagawanywa, sehemu ya kwanza upande A ya pili upande B, na DJ mvivu alikuwa anapiga upande mmoja anaenda zake. Huo uvivu bado uko. Kuna stesheni moja sitaitaja, niko jikoni nakaanga samaki, gita ya solo ndo inaanza kupanda, paap! tangazo la mkopo. Nilizima. Machoka anaheshimu sebene, na kwangu mimi hicho ndo kipimo cha kwanza cha DJ wa zilipendwa, sauti nzuri baadaye.

Kipimo cha pili ni kujua nani ni nani. Chukua Shauri Yako, Wakenya wengi wanajua ya Super Mazembe, lakini wimbo ni wa Nguashi Ntimbo, na DJ anayejua atakwambia hivyo kisha akupigie zote mbili usikie tofauti. Au Les Wanyika na Sina Makosa, ukiambiwa hawa walitoka Simba Wanyika mwaka 1978, na Simba Wanyika wenyewe ni ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Arusha ndo wakaja Nairobi, basi wimbo uliousikia maisha yako yote unausikia upya kabisa. Hiyo ndo kazi bana. Vijana wanaotaka kuingia hii fani wanauliza mashine gani ya kununua, mimi ningewaambia waanze kwa kusikiza, wajue gita ya Omar Shabani wa Les Wanyika bila kutajiwa jina, wakae na wazee waliokuwa kwa hizo bendi kabla hawajaisha, manake Franco alituacha 1989, Tabu Ley 2013, Simaro wa TPOK Jazz 2019, na vitu vingi walivyojua havikuandikwa popote. UNESCO iliitambua rumba ya Kongo 2021, vizuri sana, lakini anayeifanya iishi huku kwetu ni mtu wa redio anayeipiga wiki baada ya wiki.

Kuna wanaosema salamu huwa nyingi kwa vipindi vya aina hii. Mimi hazinisumbui, mtu akisikia jina lake hewani pamoja na wimbo aliocheza siku ya harusi yake hiyo si kitu kidogo. Ninachoomba ni bendi za Dar zisogezwe karibu zaidi, Mlimani Park, Vijana Jazz, Marijani Rajab, manake kina mama wa Pwani tulilelewa na hizo na zinakaa vizuri sana kando ya Lingala.

Nampa nne na nusu kwa tano. Na usisikizie kwa spika ya simu tafadhali, tafuta redio yenye spika ya maana, besi ya Tom Malanga wa Les Wanyika kwa simu haisikiki kabisa.