Uzoefu wangu: geji ya presha ya mafuta kwenye gari la zamani

Kama una gari la zamani la nozeli (linalopuliziwa petroli kwa nozeli, si kwa kabureta) na linakosa nguvu mlimani, nunua geji ya presha ya mafuta kabla hujanunua pampu. Mimi nimeitumia, na imeniokoa kununua pampu nisiyoihitaji.

Gari langu lilikuwa linawaka vizuri na linatulia, lakini ukikanyaga mafuta kwa nguvu, hasa likiwa na mzigo, linajivuta na kushtukashtuka. Plagi mpya, koili nzima. Kila fundi aliyeligusa alisema pampu imechoka. Huenda ikawa kweli, ila dalili hizohizo huletwa na filta iliyoziba, regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) mbovu au umeme hafifu unaofika kwenye pampu, na kwa kusikiliza tu huwezi kuzitofautisha.

Seti yangu ina geji ya mshale inayofika psi 100, mpira mrefu, kitufe cha kutolea presha na viungio vya shaba. Kwenye reli ya nozeli za gari hili (bomba linalozigawia petroli) kuna valvu ya kupimia, mfano wa ile ya tairi, kwa hiyo nilifunga moja kwa moja. Gari lisilo nayo litahitaji kiungio cha T, na hapo washa za shaba ziwe mpya. Kabla ya kufungua chochote nilichomoa fyuzi ya pampu, nikawasha injini na kuiacha mpaka ikazimika yenyewe ili presha ishuke. Petroli ikirukia injini yenye moto si mchezo, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Kitabu cha gari kinataka takriban psi 35 injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), na 43 ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta, ule unaoleta mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Geji ikasoma 28. Kuchomoa ule mpira kukaipandisha hadi 34 tu, na ndani yake mlikuwa mkavu. Ningekuta petroli, ningejua kiwambo cha regyuleta kimepasuka. Kisha nikabana kwa sekunde chache mpira unaorudisha mafuta tangini. Bomba gumu usilibane, litapasuka. Pampu yenye afya hapo huurusha mshale juu ghafla, lakini wangu ulipanda polepole ukaishia 38. Basi regyuleta haina kosa, mafuta hayaji ya kutosha kutoka nyuma.

Kilichonifurahisha zaidi ni urefu wa mpira. Niliupitisha pembeni mwa boneti, nikaibandika geji kwenye kioo cha mbele kwa nje, nikapanda mlima mwenzangu akiangalia mshale. Gari lilipoanza kujivuta, mshale ulikuwa umeshuka hadi 20. Kupima gari limesimama kusingekuonyesha hilo.

Filta mpya haikubadilisha kitu. Nikachukua mita ya umeme: kwenye betri volti 14, kwenye soketi ya pampu, pampu ikifanya kazi, 10.6. Volti zaidi ya tatu zilikuwa zinapotelea njiani! Nikafuata waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) mpaka unapofungwa kwenye bodi chini ya zulia la buti, nikakuta boliti imeota kutu hadi waya umegeuka kijani. Nikapiga msasa, nikakaza upya. Volti 13.5, presha 36 sailensa, 43 bila vakyumu. Mlima uleule gari linapanda bila kusita, na pampu ni ileile ya zamani.

Kasoro za seti zipo. Viungio havina alama yoyote, unajaribu kimoja kimoja mpaka kikubali. Klipu zilizokuja nayo ni dhaifu mno kwa presha hii. Nilizitupa nikaweka za skrubu, maana petroli ikivuja juu ya injini hakuna cha kujitetea. Kitufe cha kutolea presha nacho hudondosha matone ukikiachia, weka kitambaa chini yake.

Na kama gari lako ni la kabureta, hii si yako. Kabureta nyingi hufanya kazi kwenye psi 4 hadi 7, na kwenye geji ya 100 mshale hautanyanyuka vya kutosha kukueleza lolote. Tafuta ile ndogo inayoishia psi 15.